Shajara ya baraza letu la fasihi: orodha ya barua pepe au kundi la habari?

Jumamosi, 11 Januari 2025

Baraza letu la fasihi lina watu 43. Wengi wako Tanga, Dar na Mombasa, sita wako Unguja na Pemba, wawili Bujumbura, mmoja Muscat. Miaka mitatu tumekuwa tukijadiliana kwenye kundi la simu, na miaka mitatu tumerudia mambo yaleyale. Mtu anauliza swali la maana kuhusu vina vya kati saa mbili usiku, ikifika saa tatu limeshafunikwa na picha ya keki, salamu za harusi na tanzia mbili. Mwezi unaofuata mwingine anauliza swali hilohilo. Jibu zuri la kwanza halipatikani tena kwa sababu aliyelitoa amebadilisha simu.

Jana tumekubaliana kuhama. Tunataka mahali ambapo mtu anaweza kuandika barua ya kurasa mbili, ijibiwe baada ya siku nne bila kuonekana imechelewa, na itafutwe mwaka ujao ipatikane. Nimependekeza njia mbili za kizamani. Orodha ya barua pepe: unaandika kwa anwani moja, seva, yaani kompyuta inayohudumia wengine mtandaoni, inamgawia kila mwanachama nakala kwenye kikasha chake. Kundi la habari, la mtindo wa Usenet, ule mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano: barua inakaa mahali pamoja kwenye seva, na anayetaka kusoma anaifuata kwa programu maalumu. Ya kwanza ni tarishi, ya pili ni ubao wa matangazo msikitini.

Kazi nimeachiwa mimi, kwa kosa la kupendekeza. Nitaandika humu kila hatua inapokamilika. Anayetaka kunakili anakili, makosa yangu ayaruke.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima nimesoma walivyofanya waliotutangulia. Usenet ilibuniwa 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani: Tom Truscott na Jim Ellis. Programu ya LISTSERV, iliyozipa orodha za barua uhai wa kujiendesha, iliandikwa na Eric Thomas 1986. Kwa hiyo hakuna kati ya hizi iliyo mpya, na wasomaji wa vitabu walikuwa kwenye zote mbili mapema mno.

Kisa kilichonisaidia zaidi ni cha wasomaji wa Shakespeare, kwa sababu walikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. SHAKSPER ni orodha ya barua iliyoanzishwa 1990 na Kenneth Steele katika Chuo Kikuu cha Toronto, na kuanzia 1992 ikaongozwa na Hardy Cook. Kila barua ilipitia mkononi mwa mhariri, akazipanga kwa mada na kuzituma zikiwa zimefungwa pamoja. Upande wa pili kulikuwa na kundi la habari humanities.lit.authors.shakespeare, lisilo na mhariri, mlango wazi kwa kila mpita njia. Swali la kama Shakespeare ndiye aliyeandika tamthilia zake lilipozuka, SHAKSPER iliifunga mada hiyo. Kwenye kundi la habari hakukuwa na wa kuifunga, na ugomvi huo ukalijaza kundi miaka na miaka, aliyetaka kuuliza kuhusu mstari mmoja wa Hamlet akawa anapenya katikati ya makonde.

Mtu anaweza kusema somo ni kwamba orodha ni bora. Mimi sioni hivyo. Kilichotofautisha ni mhariri, na kundi la habari nalo linaweza kuwekewa mhariri. Nimeliandika hilo pembeni, nitalihitaji.

Jambo moja nimeshaliamua: hatutaomba kundi kwenye Usenet ya dunia. Zamani kuanzisha kundi kwenye matawi makuu kulihitaji kura, za ndiyo zizidi za hapana kwa 100 na zifike theluthi mbili. Sisi tuko 43, pamoja na wanaolala mkutanoni. Na tangu 22 Februari 2024 Google Groups haipokei wala kutuma barua mpya za Usenet, kwa hiyo mlango uliokuwa rahisi kwa mtu asiye na programu maalumu umefungwa. Tukichagua kundi la habari, litakuwa kwenye seva yetu wenyewe na wenye nenosiri tu.

Jumapili, 2 Februari

Nimeanza na kundi la habari. Nakiri, ni kwa mapenzi tu.

Seva ya kukodi, RAM ya GB 1, Sh 13,000 kwa mwezi. Kikoa, yaani jina letu la mtandaoni, Sh 30,000 kwa mwaka. Nimeweka mfumo endeshi wa Debian, kisha INN, programu ya seva ya habari. Kundi nimelipa jina baraza.fasihi, kwa amri moja ya ctlinnd newgroup. Majina na manenosiri yanakaa kwenye faili readers.conf. Wasomaji wanaingia kwa mlango 563 wenye usimbaji, si 119 usio nao. Ilinichukua jioni mbili, na moja kati ya hizo niliimaliza nikitafuta mabano yaliyokosekana kwenye readers.conf.

Leo barua 19 zimebandikwa. Tumeanza na tafsiri za Mwalimu Nyerere za Shakespeare, na uzi wa kwanza umewaka wenyewe: kwa nini Mabepari wa Venisi, si Wafanyabiashara wa Venisi? Tafsiri ilitoka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kwa hiyo wa kwanza kuandika alisema jibu liko wazi, hiyo ni siasa. Wa pili akamwambia apunguze haraka. Bepari ni neno lililotujia na wafanyabiashara wa Kihindi, na kabla ya kuwa tusi la kisiasa lilikuwa na maana ya mchuuzi, mfanyabiashara, basi. Kwa hiyo Mwalimu alipata neno lenye sura mbili kwa bei ya moja.

Kwenye Thunderbird, programu ya kusomea barua, uzi huo unaonekana kama mti. Barua ya kwanza iko juu, majibu mawili chini yake, na kutoka jibu la pili limechipuka tawi la watu wanne wanaobishana kuhusu maneno mengine ya Kihindi, bila kumsumbua anayefuata shina. Niliangalia mti huo nikanywa chai yangu ikiwa imepoa. Hiki ndicho tulichokikosa miaka mitatu.

Alhamisi, 13 Februari

Asubuhi nimefungua, barua 19 za siku ya kwanza hazipo. Shina lote la mabepari limekwenda, yamebaki majani yanayojibu kitu kisichoonekana.

Hakuna aliyeingilia seva. Kosa ni langu. INN ilitengenezwa enzi ambazo diski ilikuwa ghali na barua za dunia nzima zilikuwa zinamiminika, kwa hiyo kila usiku inafagia. Faili expire.ctl, ukiliacha lilivyokuja, linasema barua ikae siku 10. Mimi nililiacha lilivyokuja.

Kurudisha nako kulikuwa na vituko vyake. Dada mmoja wa Mombasa, kwa bahati, alikuwa ameweka Thunderbird yake ihifadhi barua za kundi ili azisome akiwa hana bando. Amenitumia faili, zote 19 zimo. Nimezirudisha kwa rnews, seva ikazikataa: barua hizi nimeshazipokea. Kila barua ina kitambulisho chake, na INN inavikumbuka vitambulisho siku 11 hata kama barua zenyewe imezichoma. Nikasema basi, nitasubiri isahau.

*Nyongeza, Jumamosi 15 Februari:* imesahau. Sasa inazikataa kwa sababu nyingine: zimezeeka. Kuna kipimo kinaitwa artcutoff kwenye inn.conf, nacho pia ni siku 10. Nimekiweka 0 na barua zote zimeingia, kila moja kwenye tawi lake. Nilishawishika kufuta vitambulisho vya zamani ili zipite haraka. Usifanye hivyo. Majibu yanaifuata barua ya awali kwa kitambulisho hicho, ukikifuta mti unavunjika vipandevipande.

Kwa anayenakili: siku ya kwanza kabisa, kabla ya kubandika hata salamu, expire.ctl iandike never, na artcutoff iwe 0.

Jumamosi, 22 Februari

Wiki tatu. Nimehesabu walioingia: saba.

Wote saba wana kompyuta. Wengine 36 wana simu, na simu ndiyo kompyuta yao. Programu ya barua iliyo kwenye simu haijui kundi la habari ni nini. Hata Thunderbird, inayosoma makundi ikiwa kwenye kompyuta, toleo lake la Android halisomi. Zipo programu nyingine ndogo, nimejaribu mbili, na sitamwekea mzazi wa mtu kitu kama kile.

Jana amenipigia mwalimu mstaafu wa Pemba, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayejua lugha kuliko sisi sote.

"Mwanangu, barua naisubiri, haiji."

"Haiji, Mwalimu. Inafuatwa."

"Naifuata wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Kompyuta ipo Chake, kwa mjukuu wangu. Sasa kila mkitaka kuniambia neno nipande gari?"

Sikuwa na jibu. Wale saba wanaipenda, na mimi ni wa saba kati yao, lakini baraza la watu saba si hili nililotumwa kulijengea. Tunahamia orodha ya barua. Seva ya habari siifuti, naiacha imelala.

Jumamosi, 8 Machi

Orodha imesimama, kwa programu mbili: Mailman 3 inayoendesha orodha, na Postfix inayosafirisha barua. Mambo yaliyonikwamisha, kwa mpangilio wa maumivu:

RAM. Mailman 3 ikiwa pamoja na kumbukumbu zake za kusomeka kwenye kivinjari haikai vizuri ndani ya GB 1. Ilikuwa inajenga faharasa ya utafutaji, seva ikaishiwa pumzi na mfumo ukaiua MariaDB, hifadhidata yake. Nimehamia GB 2, Sh 22,000 kwa mwezi.

Mlango 25, ambao seva hupelekeana barua pepe. Kampuni inayonikodisha seva imeufunga kwa kila mteja mpya ili kuzuia barua taka, na haisemi popote mpaka uulize. Nilidhani nimekosea Postfix, nikaisuka upya mara mbili. Siku tatu za kuandikiana na dawati la huduma, wakataka maelezo ya nitakayemwandikia na kwa nini. Nikawaeleza habari za ushairi. Wamefungua.

Barua taka. Barua ya kwanza ya majaribio iliangukia kwenye taka kwa karibu kila mwenye Gmail. Nilikuwa na SPF peke yake, inayosema seva gani inaruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chetu. Nimeongeza DKIM, ambayo ni sahihi iliyofichwa ndani ya barua, na DMARC, inayomwambia mpokeaji aifanye nini barua isiyothibitika, na nimeiomba kampuni iiandikie anwani ya seva jina lake la kurudi, ili anayeiulizia namba hiyo apate jina letu. Baada ya hapo zinaingia kikashani.

Kuwaandikisha wanachama 43: dakika kumi. Mwalimu wa Pemba amepata barua yake kwenye simu na amejibu kwa neno moja, "Imefika."

Jumanne, 25 Machi

Kimya. Kwa karibu siku kumi barua zilipungua, kisha zikakatika. Nilijiambia ni Ramadhani, watu wana futari na tarawehe, watarudi baada ya Idi. Nimejidanganya wiki nzima kwa sababu ilikuwa inaingia akilini.

Leo nimeangalia ukurasa wa wanachama kwa ajili ya jambo jingine kabisa, nikakuta 31 wamezimiwa usambazaji. Seva yenyewe ndiyo iliyowazima. Wote 31 wana Gmail.

Kilichotokea kimenichukua jioni nzima, kwa hiyo nakiandika taratibu. Mwanachama mmoja anatumia anwani ya kampuni kubwa ya barua pepe ambayo, kwa kutumia DMARC, imeutangazia ulimwengu: barua yoyote yenye jina letu isiyothibitika, ikataliwe. Kampuni kubwa zilianza utaratibu huo Aprili 2014, na tangu hapo kila mwenye orodha ya barua amewahi kukaa chini akashika kichwa. Ndugu yetu anaandika. Orodha inaipokea barua yake, inabandika [Baraza] mbele ya kichwa cha habari na maelezo ya kujitoa chini kabisa, kisha inaisambaza. Kubandika huko kunavunja ile sahihi ya DKIM. Na kwa kuwa sasa barua inatoka kwenye seva yetu, SPF nayo haimtambui. Gmail inaona mtu anaigiza jina la mwenzake, inaikataa.

Barua ikikataliwa, Mailman haimlaumu aliyeandika. Inamhesabia alama mpokeaji, moja kwa siku, na zikifika tano inaona anwani hiyo imekufa. Ndugu yetu ni mwandishi hodari, alikuwa anaandika kila usiku baada ya tarawehe. Siku tano zilitosha kuwanyamazisha watu 31.

Jaribio la kwanza: niliondoa [Baraza] na maelezo ya chini, ili barua ipite bila kuguswa na sahihi ibaki nzima. Zilipita barua nne, ya tano ikakataliwa, kwa sababu ilikuwa na rangi na kiambatisho ambacho chujio langu linakiondoa. Kuondoa nako ni kugusa.

Jaribio la pili, ndilo lililobaki: kwenye mipangilio ya DMARC nimechagua munge_from. Sasa barua kutoka anwani za aina hiyo inatoka kwa jina la mwandishi kupitia Baraza, ikiwa na anwani ya orodha. Si nzuri machoni, lakini inafika. Nimewarudisha wote 31 kwa mkono na kuwaandikia kuomba radhi. Dada wa Mombasa amejibu kwamba alidhani tumemsusa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuna swali dogo ambalo kila mwenye orodha lazima alijibu: mtu akibonyeza jibu, barua iende kwa aliyeandika au kwa wote? Niliweka kwa wote.

Jumatano mwanachama mmoja alituma shairi lake la beti kumi kuhusu soko la samaki. Mwingine akadhani ananijibu mimi peke yangu: "Hili si shairi, ni orodha ya manunuzi. Mwambie wewe kwa upole, mimi nitamkosea adabu." Alikuwa ameshamkosea, mbele ya watu 43, kati yao baba mkwe wake.

Alhamisi nikageuza, majibu yaende kwa mwandishi tu. Ijumaa na leo hakuna barua hata moja. Watu wanajibizana wawiliwawili gizani wakidhani wanaongea na baraza. Nimerudisha kama ilivyokuwa. Aibu moja kwa mwaka naiona nafuu. Mwenye shairi, kwa taarifa yenu, alijibu kwa ubeti wa kumi na moja unaotaja bei ya ulimi, na huo ndio ubeti bora kuliko yote kumi.

Jumapili, 18 Mei

Wale saba hawajaacha kunisumbua. Wanataka mti wao. Kwenye simu barua zinajipanga kwa kichwa cha habari, mtu akikibadilisha uzi unakatika. Anayejiunga leo haoni za jana mpaka aende kwenye kumbukumbu.

Nimeiamsha INN. Imekuja na programu ndogo iitwayo mailpost, inayochukua barua pepe na kuibandika kwenye kundi. Nimetengeneza anwani ya ndani inayompa mailpost kila inachopokea, nikaiandikisha kwenye orodha kama mwanachama wa 44. Hilo lilifanya barua ziende upande mmoja. Za kurudi nimezipata kwa ujanja ambao bado unanifurahisha: nimelitangaza baraza.fasihi kuwa kundi lenye mhariri, na mhariri wake ni anwani ya orodha. Mtu akiandika kwenye kundi, seva haiibandiki barua, inampelekea mhariri. Mhariri ni orodha, inamgawia kila mtu, na mwanachama wa 44 anairudisha kundini ikiwa na muhuri wa idhini ambao mailpost inauweka kwa swichi ya -a.

Nilihofia mzunguko usioisha. Haukutokea, na kilichouzuia ni muhuri huohuo: barua iliyo nao seva inaibandika moja kwa moja, haimpelekei mhariri tena.

Kosa lilikuwa jingine. Postfix inaendesha amri za namna hii kwa jina la mtumiaji asiye na ruhusa yoyote, kwa hiyo mailpost ilikuwa inakufa na barua zinairudia orodha yenyewe na maelezo ya Kiingereza kurasa mbili. Nimeiandikia huduma yake ndani ya master.cf, faili la mipangilio ya Postfix, iendeshwe kwa jina la news. Ikakubali.

Jumamosi, 5 Julai

Fedha mpaka leo. Kikoa 30,000. Seva, miezi miwili kwa 13,000 na minne kwa 22,000, jumla 114,000. Simu na bando za kuwafundisha watu, 18,000. Zote ni Sh 162,000. Wanachama 29 wamechanga 5,000 kila mmoja, 145,000. Pengo la 17,000 limetoka mfukoni mwangu, na mke wangu anajua.

Kumbukumbu nimezifunga, ni kwa wanachama tu. Wawili walitaka ziwe wazi ili dunia ituone. Nimekataa, kwa sababu humo mna mashairi ambayo hayajatoka, na mashindano mengi hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa popote, mtandaoni pakiwemo. Mabishano yetu ya mabepari wakitaka tutayatoa baadaye, kwa idhini ya kila mmoja.

Tisa wameomba mkusanyo wa siku badala ya barua mojamoja. Mailman inao, kazi ya kubonyeza mara moja. Tatizo ni kwamba anayejibu mkusanyo ananukuu mkusanyo wote, na jana tumepata jibu la mistari minne likiburuta mistari 600 nyuma yake. Nimeweka kikomo cha ukubwa, KB 40. Inayozidi inasubiri idhini yangu.

Leo asubuhi imesubiri moja, ya KB 52. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kukataa. Ni ya mwalimu wa Pemba, ameiandika yote kwa simu, hakunukuu hata neno la mtu: neno bepari kuanzia majahazi ya babu yake mpaka 1967. Nimeiruhusu, na kikomo nimekipandisha hadi KB 80.